Kasoro ya kiwandani si kosa la dereva: Funzo la Fuso kwa wenye malori na wenye mazao

MKULIMA anayetafuta lori la kupeleka mahindi Kibaigwa au vitunguu Dar es Salaam kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: bei ya kukodi na siku ya kufika sokoni. Mfanyabiashara anayenunua lori lililotumika Japani naye huangalia injini, matairi na kilomita zilizotembea. Swali ambalo ni nadra kusikika, iwe gereji au kwenye yadi za magari, ni hili: je, lori hili liliwahi kuitwa na kiwanda lirudi kurekebishwa? Na kama liliitwa, lilirekebishwa kweli?

Swali hilo lina uzito wake. Kiwanda kinapoyaita magari yake kinakiri hadharani kwamba kuna kasoro iliyotoka nayo kiwandani, iwe ni paipu ya mafuta inayopasuka, tenki linalolegea, breki zisizoshika au tairi linalochomoka. Kwa mwenye lori, wito huo ni haki ya kurekebishiwa bila kulipa hata senti. Kwa mkulima aliyepakia magunia 100 juu yake, ni suala la mzigo kufika au kutofika.

Kisa kinachoonyesha vizuri uzito wa jambo hilo ni cha Mitsubishi ya Japani na malori yake ya Fuso. Hapa Tanzania jina la Fuso limezoeleka kiasi kwamba wengi hulitumia kutaja lori lolote la ukubwa wa kati linalobeba mazao, mbao, matofali au mchanga. Jina lenyewe ni la zamani. Lilianza mwaka 1932 kwa basi lililoundwa na Mitsubishi mjini Kobe. Lakini kati ya mwaka 2000 na 2004, jina hilo liliingia katika kashfa iliyotikisa biashara nzima ya magari Japani.

Malalamiko yaliyofungiwa

Mambo yalianza kufichuka Julai 2000. Baada ya mtu asiyejitaja kupiga simu, wakaguzi wa Wizara ya Usafiri ya Japani waliingia katika ofisi za Mitsubishi Motors, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa ikitengeneza magari madogo na malori ya Fuso kwa pamoja. Walikuta malalamiko ya wateja yamegawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la kuonyeshwa serikalini. La pili lilikuwa la kufichwa, likiwekewa alama ya herufi H, inayosimama badala ya neno la Kijapani lenye maana ya siri.

Katika yaliyofichwa yalikuwamo malalamiko ya breki zinazofeli, mafuta yanayovuja, klachi mbovu na matenki ya mafuta yanayoweza kudondoka. Agosti 2000 kampuni ilikiri kwamba mtindo huo ulikuwapo tangu mwaka 1977. Badala ya kutangaza kasoro na kuyaita magari yote, ilikuwa ikiwarekebishia kimyakimya wateja waliolalamika, huku wengine wakiendelea kuendesha bila kujua lolote.

Hesabu iliyowafanya wafiche si ngumu kuielewa. Kuyaita magari ni gharama ya spea, mafundi na barua kwa maelfu ya wateja. Zaidi ya hapo kuna aibu ya jina kuandikwa magazetini. Kurekebisha magari machache kwa siri kulionekana kuwa nafuu. Hesabu hiyo ilikuja kudhihirika kuwa ni ya kujidanganya.

Mamia ya maelfu ya magari yaliitwa mwaka huo na Rais wa Mitsubishi Motors, Katsuhiko Kawasoe, aliachia ngazi. Wengi waliamini kwamba yote yamekwisha kuwekwa mezani. Haikuwa hivyo.

Tairi lililoua Yokohama

Januari 2002, mjini Yokohama, tairi la lori kubwa la Mitsubishi lililokuwa limebeba mtambo wa kuchimbia lilichomoka likiwa safarini. Tairi hilo, lenye uzito wa karibu kilo 140, lilibingirika hadi njia ya waenda kwa miguu na kumgonga mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili wa kiume. Mama huyo alifariki na watoto wakajeruhiwa.

Kilichokuwa kimevunjika ni habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachoshikilia tairi. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba habu ililika kwa sababu mwenye lori hakulitunza ipasavyo. Kwa maneno mengine, kosa lilikuwa la mtumiaji.

Kumbe dalili zilikuwapo mapema. Juni 1999, habu ya basi la kampuni hiyo ilivunjika kwenye barabara kuu mkoani Hiroshima na gurudumu likachomoka. Wakati huo pia maelezo yaliyopelekwa serikalini yaliegemea kwenye matunzo mabaya, na magari hayakuitwa.

Oktoba 2002 ilikuja ajali nyingine, safari hii mkoani Yamaguchi. Kasha la klachi la lori lilivunjika, shafti inayopeleka nguvu nyuma ikachomoka na kukata mabomba ya breki. Dereva alibaki na lori lisilo na breki, akagonga na kufa.

Januari 2003 kitengo cha malori kilitenganishwa na kuwa kampuni inayojitegemea, Mitsubishi Fuso. Machi 2004 kampuni hiyo mpya ilikiri kwamba tatizo la habu lilikuwa la usanifu na si la matunzo peke yake, ikayaita malori na mabasi zaidi ya 110,000. Mei mwaka huohuo ilikiri kasoro ya kasha la klachi, na takriban magari 170,000 yakaitwa. Ilibainika pia kwamba ukweli uliotolewa mwaka 2000 haukuwa wote.

Kesi zilifuata. Mwaka 2008 mahakama ya Yokohama ilimtia Kawasoe hatiani kwa uzembe uliosababisha kifo cha dereva wa Yamaguchi na kumhukumu kifungo cha miaka 3 kilichoahirishwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Japani ilithibitisha hatia ya waliokuwa maofisa wawili wa kitengo cha ubora katika kesi ya tairi la Yokohama, kwa kushindwa kuchukua hatua baada ya ajali ya basi la mwaka 1999.

Gharama ya kuficha

Wafanyabiashara wana la kujifunza katika upande wa fedha. DaimlerChrysler, kampuni ya Ujerumani na Marekani iliyokuwa mbia mkubwa, iligoma Aprili 2004 kuingiza mtaji zaidi katika Mitsubishi Motors. Kampuni nyingine za kundi la Mitsubishi ndizo zilizolazimika kuinusuru.

Upande wa malori, DaimlerChrysler ilikuwa imekwisha kununua asilimia 65 ya hisa za Fuso pale ukubwa wa kasoro ulipojitokeza. Ikadai fidia kwa kuuziwa kitu chenye ubovu uliofichwa. Mwaka 2005 ililipwa sehemu ya fidia hiyo kwa hisa, na umiliki wake ukapanda hadi asilimia 85. Hivyo ndivyo Mitsubishi Motors ilivyopoteza biashara ya malori iliyokuwa imeijenga kwa miongo mingi.

Ikumbukwe kwamba kuyaita magari, kwa yenyewe, si dalili kwamba gari ni bovu. Karibu kila kiwanda kikubwa duniani hufanya hivyo mara kwa mara, na mnunuzi hapaswi kulikimbia lori kwa sababu tu aina yake iliwahi kuitwa. Lori la kuogopa ni lile lililoitwa likaachwa bila kurekebishwa, au lile ambalo kiwanda kinajua ubovu wake na hakisemi.

Dizeli inavuja wapi?

Katika kasoro zinazofanya malori yaitwe, kuvuja kwa mafuta ni miongoni mwa zile ambazo wenye malori wa hapa nchini huzizoea haraka na kuzidharau. Lori likiacha doa chini, utingo huweka ndoo au mchanga na safari inaendelea asubuhi. "Ni dizeli tu, si petroli," ndiyo kauli ya kawaida ya barabarani.

Ni kweli kwamba dizeli haiwaki kirahisi kama petroli. Dizeli iliyotulia kwenye ndoo huhitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto, wakati petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Lakini dizeli inayovuja kwenye injini haiko kwenye ndoo. Ikitoka kwa msukumo kwenye tundu dogo hugeuka ukungu, na ukungu huo unaweza kuangukia ekzosi au tabo. Lori lililopakia likipanda mlima, vyuma hivyo huweza kupita nyuzi 500. Hapo hakuna haja ya kiberiti.

Mafuta hupita njia ndefu: kutoka kwenye tenki, kwenye chujio, pampu, mabomba ya chuma hadi nozeli, kisha yanayobaki hurudi tenki kwa mipira ya kurudishia. Kila kiungo katika njia hiyo ni mahali pa kuvujia. Mabomba ya chuma hupata nyufa kwa mtikisiko iwapo klipu zinazoyashikilia zimekatika au hazikurudishwa baada ya matengenezo. Mipira hukauka na kupasuka. Washa za shaba zikitumiwa mara ya pili hazizibi vizuri. Mikanda ya tenki hulegea, na tenki likaanza kusuguana na chasi hadi litoboke.

Injini za kisasa zinazotumia reli moja ya mafuta kwa nozeli zote zina hatari ya ziada, kwa sababu mgandamizo ndani ya reli hiyo hupita mara 1,500 ya ule wa hewa ya kawaida. Mkono usipitishwe kamwe kutafuta linapovuja wakati injini inaunguruma. Mafuta yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, jeraha linaloonekana dogo lakini linalohitaji hospitali mara moja. Mafundi makini hutumia kipande cha boksi.

Aidha, siyo kila uvujaji unaonekana chini. Ikiwa ufa uko upande ambao pampu inavuta, mafuta hayatoki bali hewa inaingia. Dalili zake ni injini kusumbua kuwaka asubuhi, kukosa nguvu na kuzima ghafla. Lori likizima katikati ya Mlima Kitonga na mzigo, usukani unakuwa mzito na kompresa inayojaza upepo wa breki nayo imesimama. Hapo uvujaji mdogo wa hewa umekuwa suala la uhai.

Hasara ya tone moja

Hata bila moto, mafuta yanayovuja yanakula faida. Tuseme matone 30 ndiyo yanayojaza mililita 1. Tenki linalodondosha tone 1 kila sekunde, mchana na usiku, linapoteza karibu lita 3 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 85. Mwenye lori anaweza kuzidisha idadi hiyo kwa bei ya dizeli ya kituo anachojazia, kisha akalinganisha na bei ya mpira mpya au washa ya shaba.

Mwenye mzigo naye ana hasara yake. Gunia la mahindi au mchele lililoingiwa na dizeli haliuziki, kwa kuwa harufu haitoki hata likianikwa. Kwa nyanya na mboga, lori likilala njiani siku moja kusubiri spea, matenga ya chini yanaanza kuoza na dalali ana sababu ya kushusha bei ya mzigo wote.

Kwa nini taarifa haifiki huku

Japani ina mfumo wa ngazi tatu. Ya juu ni kuyaita magari kwa sababu hayakidhi kanuni za usalama. Ya pili ni hatua za maboresho kwa kasoro ambazo usalama wake unatia shaka ingawa hazivunji kanuni moja kwa moja. Ya tatu ni huduma ya kurekebisha mambo madogo. Kiwanda hutoa taarifa serikalini ikionyesha aina ya gari na namba za chasi zinazohusika, na wizara huitangaza.

Nchini Marekani, sheria inamtaka mtengenezaji aiarifu serikali ndani ya siku 5 za kazi tangu ajue kwamba kuna kasoro ya usalama, awaandikie wenye magari ndani ya siku 60, na arekebishe bure.

Barua hizo hutumwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili. Lori linapouzwa nje ya Japani, usajili wake unafutwa. Likifika Dar es Salaam au Mombasa, limeshapita kwa muuzaji wa mnada, msafirishaji na mwenye yadi. Aliyelinunua mwisho hayumo katika kitabu chochote cha kiwanda. Kasoro ikigunduliwa mwaka mmoja baadaye, hakuna wa kumwandikia.

Matokeo yake ni kwamba ajali ikitokea, macho yote yanageukia kwa dereva na fundi. Dereva alikuwa mwendokasi, fundi alikosea, tajiri alizidisha mzigo. Mara nyingi ni kweli, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Mzigo unaozidi unaipinda chasi, na chasi ikipinda mabomba ya mafuta yanavutika na kupasuka. Lakini Yokohama inaonyesha kwamba lawama hiyohiyo inaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Ilichukua miaka miwili na kifo kingine kabla ya kiwanda kukiri.

Cha kufanya kabla ya kununua

Mnunuzi wa lori lililotumika aanze na namba ya chasi. Malori ya soko la ndani la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu 17 kama ya Ulaya na Marekani, bali herufi na tarakimu za aina ya lori zikifuatwa na namba yake. Namba hiyo imo kwenye cheti cha kufutwa usajili Japani na imegongwa kwenye chasi. Zote mbili zifanane. Zikitofautiana, hakuna sababu ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Namba hiyo ipelekwe kwa muuzaji aliyeko Japani na kwa wakala rasmi wa aina hiyo ya lori nchini, wote waulizwe swali moja: liliitwa, na lilirekebishwa? Jibu liombwe kwa maandishi. Muuzaji anayetaka biashara ya kudumu hatakosa dakika chache za kutazama orodha iliyo wazi katika lugha yake mwenyewe.

Pili, lori likaguliwe likiwa limetembea, si likiwa limeoshwa. Injini iliyooshwa kwa mvuke asubuhi ya kuonyeshwa inapendeza macho lakini imefuta ushahidi. Lizungushwe nusu saa, lizimwe, kisha boksi safi liwekwe chini yake na kusubiriwa. Mikanda ya tenki, klipu za mabomba na mipira ya kurudishia ikaguliwe moja moja kwa tochi.

Na kabla ya kupakia mazao

Mkulima anayekodi hana muda wa kutafuta namba za chasi, lakini anaweza kuzunguka lori kabla magunia hayajapanda. Doa bichi chini ya tenki au injini, harufu kali ya dizeli kwenye bodi, mipira iliyofungwa kwa waya au kamba ya tairi, yote hayo ni sababu za kutafuta lori jingine au kudai litengenezwe kwanza.

Makubaliano ya kukodi yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja, yakitaja nani anabeba hasara lori likiharibika njiani. Jambo lingine ni bima. Bima ndogo ambayo malori mengi hubeba ni ya kuwafidia watu wengine wanaodhurika. Hailipi lori lenyewe wala mahindi yaliyomo. Bima ya mzigo safarini hukatwa peke yake, na wakulima wanaosafirisha kwa kikundi au kupitia chama cha ushirika wanaweza kuigawana gharama.

Daftari linalosema

Kilichowavunja nguvu wateja wa Mitsubishi kwa miaka mingi ni kwamba kila mmoja alidhani tatizo ni lake peke yake. Anayejua kwamba malori mengine 20 ya aina hiyohiyo yamepasuka paipu mahali hapohapo hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba hajui kutunza gari.

Kwa sababu hiyo, mwenye lori hata kama ni moja anahitaji daftari la matengenezo: tarehe, kilomita, kilichoharibika, spea iliyowekwa na jina la gereji. Spea iliyovunjika ihifadhiwe badala ya kuuzwa chuma chakavu siku hiyohiyo. Vyama vya wasafirishaji, kikiwamo TATOA na kile cha wamiliki wa malori ya kati na madogo, TAMSTOA, ndivyo mahali pa kuyaweka madaftari hayo pamoja. Kasoro inayojirudia katika malori ya wanachama wengi inaweza kupelekwa kwa wakala wa kiwanda, na akikaa kimya, kwa Tume ya Ushindani, ambayo ina jukumu la kumlinda mlaji.

Lori moja linalovuja ni kazi ya fundi. Malori 30 yanayovuja mahali pamoja ni swali la kuulizwa kiwanda, nalo haliwezi kuulizwa na mtu asiyekuwa na kumbukumbu mkononi.